Je, glovu ya roboti itamfungulia mama vidole?

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, alipata kiharusi miezi minane iliyopita, na tangu hapo mkono wake wa kulia, ambao ndio aliokuwa akisukia ukili, umebaki umekunja ngumi. Kaka yangu aliyeko Dubai anataka kumletea glovu ya roboti yenye pampu ya hewa. Je, tuipokee, au tutakuwa tumetupa fedha?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Ipokeeni, dada, lakini msiitarajie ifanye kazi ambayo ni ya mama mwenyewe. Katika glovu za namna hiyo, pampu hujaza hewa kwenye mirija iliyolazwa juu ya vidole, navyo hukunjika. Hewa ikifyonzwa, hunyooka. Vidole vya mama havikujeruhiwa: kilichoumia ni sehemu ya ubongo, upande wa kushoto, iliyokuwa ikiviamuru, na ubongo hujifunza upya kwa kujaribu wenyewe mara nyingi mno, siku baada ya siku. Akivalishwa glovu huku anazungumza na wageni, atanyooshwa viungo tu. Kila inapoanza kufungua, naye autazame mkono na ajikaze kuufungua. Kifaa kiitwacho IpsiHand, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2021, kimejengwa juu ya jambo hilohilo, kwa kuwa husoma mawimbi ya ubongo na kuchezesha vidole pale tu mgonjwa anapokusudia.

Hata hivyo, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 770, haukuona kwamba mazoezi ya roboti yaliboresha matumizi ya mkono kuliko matibabu ya kawaida. Roboti ile ilikuwa ya mkono wote wala si glovu, lakini muuzaji akiwaahidi uponyaji, mtilieni shaka.

Kabla ya kuiwasha, mpelekeni mama kwa mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali ya Bombo kwa mfano, apime ukakamavu wa misuli na kama mkono bado unahisi; usiohisi huweza kuchubuliwa bila mwenyewe kujua. Vidole vikigoma au vikiuma, zimeni pampu. Akishavua, kagueni ngozi, kisha mpeni chane za ukindu papo hapo, mkono mzima ushike ncha na ule mgonjwa ujaribu kupitisha, hata kama ukili utatoka kombo.