Laptopu mpya inakataa waifai ya nyumbani: je, niondoe nenosiri?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimemnunulia binti yangu laptopu mpya yenye Windows 11. Simu zetu zote zinapata waifai ya nyumbani. Laptopu nayo inaliona jina la mtandao, ila nikiandika nenosiri lililobandikwa chini ya ruta, inagoma. Jirani kanishauri niondoe nenosiri kabisa. Niondoe?

Jibu: Nzuri, mama. Nakuomba usiliondoe. Mtandao ukiwa wazi, yeyote aliye karibu atatumia intaneti unayoilipia, na data inayopita hewani kati ya ruta na vifaa vyenu haitakuwa na ulinzi wa waifai tena.

Kwanza soma vizuri laptopu inasema nini inapogoma. Ikisema nenosiri si sahihi, nakishuku hicho kibandiko. Kinaonyesha nenosiri la kiwandani, na mafundi wengi hulibadilisha siku wanapofunga ruta. Simu zenu zinalo lile jipya. Kwa simu ya Android, fungua mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao wenu, kisha uchague kushiriki. Itatokea picha ya QR, na simu nyingi huandika nenosiri chini yake. Linakili lilivyo, maana herufi kubwa na ndogo hazilingani, na sufuri si O. Kabla ya kuliandika, iambie laptopu isahau mtandao huo, isije ikarudia lile la zamani.

Ikiwa inasema tu kwamba haiwezi kuunganishwa, bila kutaja nenosiri, huenda fundi aliwasha orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa. Ruta hutambua kila kifaa kwa anwani yake ya MAC, yenye tarakimu na herufi 12, na laptopu yenu haimo. Hapo hata ukiondoa nenosiri bado itazuiwa! Kwa simu iliyounganishwa, fungua kivinjari uandike anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uingie, kisha uongeze anwani ya MAC ya laptopu. Kwenye Windows, zima matumizi ya anwani za nasibu (anwani za MAC za kubuni ambazo laptopu hujipa badala ya ile halisi) kwa mtandao huo, la sivyo laptopu inaweza kujitambulisha kwa anwani ambayo ruta haiijui.

Ukiwa bado humo kwenye ruta, angalia aina ya ulinzi wa waifai. Ukikuta WEP, aina ya zamani, ibadilishe leo hii; udhaifu wake umejulikana hadharani tangu 2001. Chagua WPA2, aina mpya zaidi, yenye AES (njia ya kuficha data kwa msimbo), au WPA2 pamoja na WPA3, iliyoifuata, kama ruta inazo zote mbili. Nenosiri liwe na herufi kuanzia 8 hadi 63, nami ningeweka zisizopungua 15.

Nenosiri la kuingilia kwenye ruta si lile la waifai. Kama hulijui, mwite fundi aliyeifunga, na asiondoke kabla hajakuandikia.