Lori la namba za nje likiomba mzigo wa kurudi Mwanza

Ninyi mnaoanza kazi ya kutafutia malori mizigo hapa Mwanza, shikeni hili mapema. Lori la namba za nje linaruhusiwa kuleta mzigo kutoka kwao na kuondoka na mzigo kwenda kwao. Kupakia hapa na kushusha humu humu nchini ni marufuku bila kibali maalumu. Ndivyo yanavyotaka makubaliano ya usafiri wa barabara ya Afrika Mashariki, nayo malori yetu yakivuka Sirari kuingia Kenya au Mutukula kuingia Uganda yanabanwa vivyo hivyo.

Chukua mashudu ya pamba. Lori la namba za K limeshusha mzigo wa Kenya, dereva hataki kurudi mtupu. Ukimpatia mashudu ya kwenda Kisumu, akapita Magu, Bunda na Tarime hadi Sirari akiwa na nyaraka za forodha na vibali vya mzigo, hakuna wa kumuuliza. Kisha mteja mwingine anapiga simu: “Niwekee tani kumi hapo juu, nitazipokea Bunda.” Gari ni lile lile, barabara ni ile ile, lakini hizo tani kumi ni mzigo wa ndani. Vijana wengi hunasa hapa, maana kwa macho hawaoni kilichobadilika.

Kilichobadilika ni kwamba lile lori limeruhusiwa kuingia kwa muda tu, bila kulipiwa ushuru wa kuingizwa nchini. Mwenye Fuso pale Igoma gari lake limelipiwa, ana leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na anasubiri mzigo huo huo wa Bunda. Kwangu mimi hii ni haki ya yule mtu kabla haijawa suala la karatasi.

Karatasi nazo zisome. Usiishie kwenye namba ya kichwa, zunguka nyuma utazame tela, kwa kuwa lina usajili wake. La Kenya namba zake huanza na Z. Omba kibali cha kuingia nchini, angalia kilitolewa mpaka gani na kinaisha lini. Dereva akikwambia mengine mtamalizana mbele ya safari, usipakie. Na hati ya mzigo usiiandike Sirari huku ukijua turubai litafunguliwa Bunda. Mwandiko ni wako, na atakayeitwa ni wewe.

Kuhusu bima, ile kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari linalovuka mipaka, hugharamia madhara kwa watu wengine. Mzigo ulio juu haiufidii.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, malori yanayotoka Mutukula hayasubiri tena kivuko, kwa hiyo jizoezeni kuamua haraka. Lori la Uganda kushusha sehemu ya mzigo wake Bukoba na sehemu Mwanza si kosa, mradi nyaraka zinasema hivyo. Kuokota mzigo Bukoba ulete Mwanza ndiyo kosa. Mzigo ukilazimika kufaulishwa kwenye gari la namba za T, yaani la Tanzania, nao bado uko chini ya forodha, ruhusa ya forodha itangulie.

Yule mteja wa Bunda mtafutie gari la hapa. Bei itapanda kidogo. Mtajie hiyo bei mpya kabla gunia la kwanza halijapanda.