Maradhi ya ukoo na dawa ya kusafisha damu

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mama yangu anatumia vidonge vya sonona, na bibi naye aliugua hivyo hivyo. Sasa nami usingizi umenipotea na chakula sikitamani. Hapa Wete kuna mtu anauza dawa ya kusafisha damu ya ukoo, lakini anataka mama aache vidonge kwanza. Kweli maradhi haya yamo kwenye damu? – Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Mama asiache vidonge. Vikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na wahaka, na sonona yenyewe inaweza kurudi. Wewe nenda hospitali wiki hii, na ukijiwa na fikra za kutaka kufa, usingoje hata kesho.

Sasa hilo la damu, ambalo nalisikia kila kliniki. Kurithi kupo. Tafiti za pacha zimeiweka sehemu ya jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, katika sonona kwenye asilimia 37 hivi, na watu huisoma namba hiyo kama kwamba mtoto wa mgonjwa ana asilimia 37 ya kuugua. Sivyo hata kidogo! Namba hiyo inapima tofauti baina ya watu katika jamii nzima, haimtabirii mtu mmoja. Mwenye mzazi au ndugu mgonjwa, hatari yake ni kiasi cha mara mbili hadi tatu ya mwengine, na bado wapo wengi wasiougua maisha yao yote.

Wala hakuna jeni moja ya sonona. Mwaka 2003 watafiti waliowafuatilia vijana wa Dunedin, New Zealand, waliitaja jeni moja ya serotonini, kemikali ya ubongo, na dunia ikaishikilia. Mwaka 2019 jeni 18 za namna hiyo, nayo ikiwemo, zikapimwa kwa taarifa za mamia ya maelfu ya watu. Hakuna iliyofua dafu. Zinazohusika ni jeni nyingi mno, kila moja na mchango mdogo sana, nazo zimo karibu katika kila seli ya mwili. Huyo muuzaji anasafisha ipi?

Wapo pia wanaouza "lishe ya kuponya sonona". Jaribio la Australia la 2017, la watu 67, lilionesha kweli kwamba samaki, mboga na kunde husaidia, lakini wengi wao walikuwa wakiendelea na tiba. Kula dagaa na mchicha, tembea jioni, lala mapema. Vidonge vya mama vibaki palepale.

Yeyote anayetaka dawa ya hospitali iachwe ndipo yake ifanye kazi, msimpe hata shilingi. Wagonjwa wa namna hii huletwa kwetu usiku wakiwa hoi, jamaa mkononi wana chupa ya mganga, na pakiti ya vidonge haijaguswa. Kama mama ameshaionja hiyo dawa, nendeni na chupa pamoja na pakiti, daktari ajue amekunywa nini.