Mama simleti Marekani, na msinikasirikie

Baba mdogo shikamoo, shangazi zangu wote shikamooni, wengine mambo vipi. Ile voisi ya kikao cha ukoo cha tarehe 26 nimeisikiliza yote, mpaka pale baba mdogo aliposema huyu mtoto yuko Marekani miaka yote hii na mama yake bado anakata majani ya ng'ombe Kibosho huko Moshi, si amchukue akapumzike, watu wakapiga makofi, na kwa nyuma namsikia mama mwenyewe yuko jikoni anauliza nani hajapata supu. Sa mi najibu kwa urefu, maana nikijibu kwa kifupi mtasema naringa.

Simleti. Na sio roho mbaya.

Tuanze na makaratasi tuyamalize. Mi nina grini kadi, yaani kibali cha kuishi huku moja kwa moja, na mwenye grini kadi anaweza kumwombea mume au mtoto wake, mzazi hawezi, mzazi anaombewa na raia tu. Mi nikichukua uraia wa huku nimeacha wa nyumbani, kwetu mtu mzima hana uraia pacha, na hayo mambo ya hadhi maalumu kwa diaspora nayafuatilia lakini kuacha utanzania ni uamuzi mzito asee, siufanyi kwa makofi ya kikao. Haya, tufanye nimekuwa raia na mama kapata kadi. Bima ya serikali ya wazee wa huku, inaitwa Medicare, mgeni kama yeye haipati mpaka akae miaka 5 mfululizo, na mama ana presha na lile goti, sa hiyo miaka 5 ya katikati nani analipa? Halafu kadi yenyewe sio ya kuja na kuondoka unavyotaka, ukikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali unaweza ukaambiwa umeiacha. Yaani mtu aliyezika mume wake pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, migombani, aanze kuomba ruhusa ya kukaa kwake.

Hela. Mi nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Minneapolis, shifti ya usiku, dola 20 kwa saa. Nyie mnaita kubeba boksi, sawa, ila boksi langu mimi ni binadamu, namgeuza asipate vidonda, namwosha, namlisha. Kodi ya nyumba ni dola 1300, chumba kimoja na sebule, bado umeme, gari, na mtu wa kukaa na mtoto. Asubuhi nikirudi nalala. Mama angekuwa anaongea na nani?

Najua anavyoishi huku kwa sababu alishakuja, mmesahau? Nilipojifungua alikuja na visa ya kutembea, akasema mtoto wake hawezi kukaa uzazi bila mtori. Ndizi mbichi huruhusiwi kuingia nazo, kwa hiyo mtori ukapikwa na zile ndizi za duka la Wamexico, alionja akanyamaza, na nyie mnajua mama akinyamaza juu ya chakula maana yake nini. Wiki za kwanza alikuwa na raha kweli, ana mzazi wa kulisha na mjukuu wa kuogesha, ndani kuna kazi. Mi niliporudi kazini ndo nikaona. Kwenye lifti anasalimia kila mtu, wanamjibu vizuri, wanatabasamu, mlango unafunguka wanaondoka, imeisha hiyo. Ikaingia baridi, huku Desemba saa kumi na nusu jioni jua linazama, nje ni barafu na goti lile hata kumwambia toka tembea huwezi.

Unajua alichofanya? Akageuza usiku kuwa mchana. Saa nne ya usiku huku ni saa moja asubuhi Moshi, basi hapo ndo anaanza kupiga simu, nani leo zamu yake ya maji ya mfereji, yule ndama ananyonya, kahawa imeanikwa au mmeiacha inaota ukungu, jumuiya wiki hii wanasali kwa nani, na wale majirani wa chini waliogombania mpaka wa shamba wameshaitana au bado wananuniana. Alikuwa anaongoza kihamba kutoka Minnesota kwa bando langu la intaneti! Mi natoka shifti namkuta macho mekundu kama popo, namwambia mama lala, ananiambia subiri kwanza nimalizie hili la mfereji.

Aliporudi nyumbani nikamuuliza kwenye simu, mama kusema ukweli umeonaje, akasema, "Kwenu ni pazuri mwanangu, ila hamna mtu wa kumgombeza."

Sa nyie mnamwona anateseka, mi namwona yuko ofisini. Msiba ukitokea sufuria la machalari la kwanza linatoka kwake. Mke wa mtoto akijifungua yeye ndo anapanga nani anakaa naye na nani analeta maziwa. Watu wakikosana anawatuma na jani la isale, lile la kuombea msamaha, wakasameheane na anafuatilia kama wamefika kweli. Ada za wajukuu anazijua kuliko wazazi wao. Mkimtoa pale mnamtoa kwenye hayo yote mnamweka kwenye kochi, mnamuwashia tivi ya lugha asiyoijua, halafu mnaita kupumzika.

Na msianze na ile stori ya wazungu hawapendi wazazi wao, mi nakaa nao. Watoto wengi wanapiga simu, wanalipa, wengine wanakuja Jumapili na maua. Lakini humo kwenye nyumba ya wazee kuna akina mama ambao ukiangalia picha ukutani walikuwa kama mama kabisa, meza ndefu, watu ishirini, yeye katikati kashika bakuli. Leo wa kumlisha ni mimi niliyetoka Kibosho. Sio kwamba mtoto ni mbaya, anaishi mji mwingine na ana kazi mbili. Akija mama huku na akaishiwa nguvu, mimi ndo huyo mtoto mwenye kazi mbili, na mama yangu atageuzwa na mtu wa shifti kama nilivyo mimi.

Sasa na mimi niulize, kwa heshima lakini niulize. Nyie wa Arusha, Njiro mpaka Moshi si ni kama kilomita 80 tu? Ukiacha Desemba mnapanda lini Kibosho? Desemba magari yanajaa barabara yote, sawa, ila ile Desemba inaanzia mgongoni kwa mama tangu Novemba, ulezi ununuliwe, ndizi za mbege ziive, magodoro yatolewe juani, mbuzi atafutwe kabla bei haijapanda. Mnakula, mnakunywa, mnafanya kikao cha kumhurumia huku yeye anawaosheeni sahani, mwaka mpya mmeshashuka. Halafu wa kuulizwa ni wa Marekani.

Mambo yenyewe mbona madogo. Kijana wa kukata majani nishampata, nalipa mimi, mama anamlalamikia kila siku, ni dalili nzuri. Ng'ombe msiuze bila kumuuliza, najua kuna mtu keshaleta mteja, simtaji. Mfereji ukikauka tenki la maji linahitajika, tuchangie wote, mi natoa nusu. Jumapili pangeni zamu, kila nyumba mara moja kwa mwezi, na mkipanda msibebe soda, bebeni sukari na dawa yake ya presha.

Na lile goti nataka lionekane hospitali ya KCMC pale Moshi mwezi huu. Hela ya daktari na ya gari natuma leo leo, kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye kwenye foleni asubuhi mpaka jioni. Nani anaenda naye? Nataka jina.