Bibi Mwenzangu, Usianzie Mkutanoni

SWALI: Mwalimu, habari za Iringa. Mimi ni bibi wa Rungwe, jirani na Tukuyu. Nalea mjukuu wa miaka saba. Mama yake yuko Chunya machimboni, anatafuta. Mtoto ana mtindio wa ubongo. Anatembea kwa kushika ukuta na maneno yanamtoka polepole, lakini tukienda kuuza ndizi chenji anaijua kuliko mimi. Mwalimu mkuu amekubali aanze darasa la kwanza Januari. Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja akasimama akasema mtoto huyu atarudisha darasa nyuma na wastani wa shule utashuka. Mama mmoja mjamzito aliyekaa karibu yetu akahamisha kiti. Sasa mwenyekiti wa kijiji anataka nizungumze kwenye mkutano mkuu ili watu waelimike. Nikaseme nini?

JIBU: Kamwene, bibi mwenzangu. Kwa sasa usiende kusema lolote. Nimefundisha kitengo cha elimu maalumu hapa Iringa mpaka nikastaafu, na hiyo mikutano ya kuelimisha nimekaa mingi. Watu wanamhurumia mtoto, wanapiga makofi, wanakwenda zao. Aliyekuja na ubishi anaondoka nao, tena sasa ameshausema mbele ya kijiji kizima na kuuacha anaona aibu. Mtu husimama upande wa mtoto akishamfanyia kazi ya mikono yake. Basi watafutie watu kazi, maneno yatafuata.

Anzia chooni. Nasema kweli. Tulikuwa na kijana kitengoni, miguu kama ya mjukuu wako, akawa hagusi uji wa saa nne. Walimu tukasema haupendi. Mpishi ndiye aliyegundua kwamba hata maji hanywi tangu asubuhi. Alikuwa anaogopa haja imbane, kwa sababu lile tundu la kuchuchumalia halina pa kushika na sakafu daima imelowa. Tukachimbia nguzo mbili za mlingoti, moja kila upande, zikaunganishwa na mti wa kushikilia uliopigwa randa usimchome. Fundi alidai hela yake, tukampa. Sipendi desturi ya kumwambia fundi afanye bure kwa kuwa mtoto ni mlemavu. Wiki ileile kijana akaomba uji wa pili. Kwa hiyo nenda na mjumbe mmoja wa kamati ya shule mkakitazame choo, halafu mlango wa darasa. Kama kuna ngazi ya sentimita 15, mteremko wake uwe na urefu wa sentimita 180, yaani moja kwa kumi na mbili. Saruji ichorwe mistari kabla haijakauka. Kwa mvua za Rungwe, sakafu laini itawaangusha hata wazima.

Mwalimu wa darasa la kwanza umpe nafasi ya kunung'unika. Ana watoto wengi na pengine hajafundishwa elimu maalumu. Mwambie mambo ambayo wewe peke yako unayajua: mtoto akiulizwa anahitaji muda gani kabla ya kujibu, mkono upi una nguvu, akichoka anakuwaje. Kiti kiwe na mikono pembeni na miguu yake iguse chini, asitumie nguvu zote kujizuia kuanguka wakati anatakiwa kuandika. Seremala wa kijijini anaweza kukitengeneza. Na anayemsaidia kubeba begi abadilishwe kila wiki. Akiwa mtoto mmoja tu, mama yake atakuja juu, na atakuwa na haki.

Yule baba wa wastani usimchukie. Ana mtoto wake anayemtaka afaulu. Mfuate nyumbani jioni, akiwa peke yake, mwambie kwamba Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Serikali yenyewe imekubali kwamba hawa watoto wanafanya mtihani. Halafu mpe mjukuu wako hesabu za chenji mbele yake. Akiuliza akisoma atakuwa nani, mwambie akija Iringa apite Neema Crafts, ilianza 2003, akaone viziwi na walemavu wa viungo walivyo mafundi kazini.

Kwa yule mjamzito usijibu wewe. Hatakuamini, wewe ni mhusika. Muombe muuguzi wa zahanati aseme siku ya kliniki, pale akina mama wanaposubiri kupima: mtindio wa ubongo hauambukizi wala haumpati mtoto aliye tumboni kwa sababu mama amemtazama mwenye nao. Mara nyingi ubongo umeumia kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa, kwa mfano ukikosa hewa, au baadaye kwa manjano makali au homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana anawasihi wajifungulie kituoni na wawahi mtoto akiwa wa njano. Mjukuu wako asitajwe hapo.

Kanisani nako, wasimuite mbele kila Jumapili kuombewa. Apelekwe Sunday school akae na wenzake.

Kabla ya Januari nenda halmashauri, idara ya elimu, umuulize Afisa Elimu Maalumu kuhusu upimaji wa mtoto. Majibu yawe kwa maandishi, nakala moja abaki nayo mwalimu mkuu, kwa sababu walimu wakuu huhamishwa. Sheria ipo pia, ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inampa haki ya kusoma shule ya kawaida. Iweke kwenye mkoba. Mwalimu mkuu ameshakubali, sasa ukiitoa utakuwa unapigana na nani?

Mwenyekiti akikung'ang'aniza, mwombe ajenda iwe njia ya shule. Najua njia za huko: udongo mwekundu, mteremko, na kijito kinachofurika. Waombe kivuko cha magogo chenye mti wa kushika. Watoto wote watapita hapo, na kina baba watabishana urefu wa magogo badala ya kumbishania mjukuu wako.