Vijana wa mkataba, hela iliyo mfukoni sio yote yako

Wadogo zangu mnaoingia kijiweni na pikipiki za mkataba, zile unamlipa tajiri mwenye chombo hesabu ya kila siku mpaka iwe yako, juzi nimeona dogo anawalipia watu soda kisa siku imekubali, kesho yake anazunguka anaomba aazimwe elfu kumi ya hesabu. Nawapenda ila mnanichosha, ngoja niseme.

1. Hesabu ya tajiri itoe mapema. Ukiishika tu mrushie hapohapo, ikifika usiku hiyo hela inakuwa na ndugu wengi.

2. Chombo nacho kinakula. Hapa nikae kidogo maana ndipo nilipoumia. Mkataba wangu ulikuwa 10,000 kwa siku mwaka mzima, piga mwenyewe, ni 3,650,000. Siku nzuri naingiza 30,000, natoa mafuta 8,000, natoa hesabu, inabaki 12,000 naona yote yangu. Oili napitisha muda, cheni ikilia naikaza naondoka. Injini ikaanza kugonga, fundi akafungua, pistoni kwisha, anataka laki na themanini na mimi sina hata ishirini. Nikaenda kwa kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, nikachukua laki mbili kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, dhamana nikaweka friji ya mke wangu bila kumwambia, na friji hiyo ndo alikuwa anauzia barafu. Pikipiki imelala gereji, hesabu zinarundikana, na kwenye mkataba kuna kipengele nilichosaini bila kusoma, kwamba ukikosa hesabu siku saba chombo kinarudi kwa mwenyewe na ulicholipa hudai kitu. Tajiri akaichukua imebaki miezi miwili iwe yangu. Friji nayo ikabebwa. Watoto wanatoka shule wanagonga dirishani wanaulizia barafu, mke wangu anawaambia hakuna, mimi nipo ndani nasikia.

Kwa hiyo elfu mbili kila siku ni ya chombo, iweke kwenye laini nyingine ambayo hutembei nayo. Ikifika mwezi una elfu sitini, oili, cheni na breki hazikusumbui, na inayobaki inasubiri tairi.

3. Mkataba usome mpaka mwisho, huelewi mpe mtu akusomee, na sainini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Meseji za miamala usifute, siku ya ubishi ndo ushahidi wako.

4. Ukibanwa lazima ukope, mkopeshaji akuonyeshe leseni ya BoT, yaani Benki Kuu, sheria ya huduma ndogo za fedha ipo tangu 2018. Zile app zinazowatumia meseji watu wote kwenye simu yako ukichelewa kulipa achana nazo, BoT wenyewe walitaja 69 zisizo na leseni mwaka 2024.

5. Mkopo wa halmashauri hauna riba jamani! Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne ni ya vijana, nne wanawake, mbili watu wenye ulemavu, na wengi mnapita nje ya ofisi ya kata kila siku na abiria nyuma. Shida ni kwamba wanataka kikundi chenye katiba na akaunti, na nyie kukaa kikao cha nusu saa mnaona mnapoteza vichwa, yaani abiria. Basi Jumapili asubuhi kabla ya kazi, kila mtu aje na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, katiba nitawasaidia kuandika, Jumatatu tunampelekea afisa maendeleo.