Hema la Chini kwa Wasafiri wa Gari: Maswali Yenu Kuhusu Uimara

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu hema la kukita ardhini kwa watu wanaosafiri na gari. Nitoe msimamo wangu mapema, maana utajitokeza kila mahali. Anayebeba hema mgongoni hulipia wepesi, na wepesi huo hupatikana kwa kupunguza unene wa kitambaa, fito na zipu. Wewe mwenye gari huna haja ya kulipia kitu hicho. Kilo za ziada zipeleke pale ambapo hema huanza kufa: sakafuni, kwenye zipu, kwenye fito na kwenye mishono.

Nashindwa kuamua kati ya hema la turubai la pamba na la poliesta. Muuzaji anasema turubai nitalirithisha wanangu. Ni kweli?

Inawezekana, kwa sharti moja: lisikunjwe likahifadhiwa na unyevu hata mara moja. Maturubai mengi mazuri ya mahema ya siku hizi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na uzito wake huwa kati ya gramu 280 na 350 hivi kwa kila mita ya mraba. Pamba ikilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba vitundu vilivyo kati yake, kwa hiyo maji huteleza juu badala ya kupenya. Likiwa kavu linapumua. Mvuke wa pumzi zenu hupata njia ya kutoka, na asubuhi hamtakuta matone yananing'inia darini kama ilivyo kwenye mahema ya plastiki tupu. Jua nalo hulivumilia vizuri zaidi, na upepo ukivuma halipigi kelele usiku kucha.

Gharama yake ni uzito na muda. Hema la turubai la watu 4 hupita kilo 25 bila shida, linahitaji watu wawili kulisimamisha, na likilowa linachukua muda mrefu kukauka. Likihifadhiwa na unyevu, kuvu huingia ndani ya nyuzi na kuzioza. Yale madoa meusi hayatoki tena.

Poliesta nene hukauka upesi na kuvu haiili. Naipendelea kuliko nailoni kwa hema la gari: nailoni hunyonya maji kiasi na kulegea, hivyo hema ulilolikaza jioni unalikuta limebonyea usiku wa mvua, na jua huichosha mapema zaidi.

Ushauri wangu ni huu. Kama kawaida yenu ni kukaa kituo kimoja siku 3 au zaidi, nunua turubai. Kama mnahama kila asubuhi, nunua poliesta nene yenye paa la nje linaloshuka hadi karibu na ardhi. Na ukichukua turubai jipya, usilipeleke safari moja kwa moja. Lisimamishe uani, limwagie maji kote hasa kwenye mishono, liache likauke kabisa, kisha rudia mara 2 au 3, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vingine. Matundu ya sindano hujifunga kadiri uzi unavyovimba na kukauka. Mara ya kwanza litavuja kidogo. Usilirudishe dukani kwa hilo.

Kwenye lebo naona "3000 mm" na "150D". Zina maana gani, na nitafute ngapi?

Milimita ni kipimo cha maji: ni urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuibeba kabla matone hayajaanza kupenya. Kwa paa la poliesta, 1500 inatosha mvua ya kawaida na 3000 inakupa utulivu. Sakafu ni habari nyingine, kwa sababu goti au kiwiko chako hukandamiza maji ya chini kwa nguvu kubwa kuliko mvua; hapo nataka 5000 au zaidi. Lakini namba kubwa haisaidii kitu ikiwa mishono haijazibwa. Geuza paa ndani nje ukiwa dukani uangalie kama kila mshono una utepe uliobandikwa sawasawa, bila mapovu wala ncha zilizobanduka. Turubai la pamba halipimwi vizuri kwa namba hii, kwa hiyo usitumie namba hii kulilinganisha na poliesta.

D ni denia, yaani uzito wa uzi kwa gramu ukichukua urefu wa mita 9000. Namba ikipanda, uzi ni mnene zaidi. Kwa hema la gari la poliesta, paa la 75 ni la chini kabisa ningekubali, na 150 ndiyo ningetafuta.

Tuko wanne. Tununue hema la watu wanne?

Hapana, nunueni la watu 6. Watengenezaji huhesabu watu kwa kulaza mikeka ya upana wa sentimita 55 hadi 60 bega kwa bega, bila begi hata moja. Chukua futi yako, upime magodoro mnayolalia, kisha ulinganishe na mchoro wa sakafu.

Fito za hema letu zimepasuka tena, na zimetoa nyuzi nyembamba zinazochoma mikono. Tukanunue fito zilezile au tubadilishe?

Hukutaja ni za nini, lakini kwa maelezo yako ya nyuzi nyembamba zinazochoma mikono, hizo ni faibaglasi, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Faibaglasi hupasuka kwa urefu, na ikishapasuka haina tiba ya kudumu. Badilisha, ukiweza, uweke za alumini za unene uleule. Kabla hujalipa, pima kipenyo na urefu wa kila kipande, maana sentimita chache zikizidi hema halikai. Alumini ikizidiwa hujikunja kwanza, na fito iliyopinda mara nyingi inaweza kuvalishwa bomba fupi la kuungia mkamaliza safari. Bomba hilo likae ndani ya gari siku zote.

Kwa mahema makubwa ya turubai yenye kuta zilizosimama wima, nguzo za chuma ni sawa kabisa. Kagua tu ncha zake: mpako ukishabanduka kutu huanzia hapo, na doa la kutu kwenye turubai ni la kudumu.

Zipu ya mlango inafungwa vizuri, lakini nikigeuka nyuma naikuta imeachia. Fundi anataka kung'oa zipu yote. Nimruhusu?

Bado. Swali hili nimelipenda, kwa sababu mahema mengi mazima hutupwa kwa ajili ya kipande kidogo cha chuma.

Meno yakiwa yote yapo na hayajapinda, mwenye kosa karibu kila mara ni kichwa cha zipu. Vumbi laini huingia ndani yake na kusaga chuma kila unapofungua na kufunga, mpaka mdomo wake unatanuka na kushindwa kuyabana meno. Kitazame kwa ubavuni. Utaona bamba mbili, ya juu na ya chini, na katikati yake nafasi ambamo meno hupita. Upande ule ambao meno hutoka yakiwa yameungana, nafasi hiyo imekuwa pana. Chukua koleo ndogo, bana kingo za upande huo kidogo sana, kushoto kisha kulia, ujaribu kufunga, ubane tena kidogo. Ukikaza kwa nguvu kitapasuka. Hii itakufikisha nyumbani. Huko mwambie fundi abadilishe kichwa peke yake. Nyuma yake kwa kawaida kuna namba ya ukubwa, nawe unahitaji namba hiyohiyo na aina ileile ya meno.

Kwa anayenunua hema jipya, namba hiyo iangaliwe kabla ya rangi. Mlango mkuu wa hema la gari uwe na zipu namba 8 au 10. Namba 5 iachieni dirisha na mifuko.

Na njia ya kuilinda ni rahisi. Kita vigingi vya pembeni milango yote ikiwa imefungwa, ili usije ukavuta kitambaa mpaka zipu ifungwe kwa kulazimisha. Kwenye kona ambapo zipu inapinda, shika kitambaa kwa mkono mmoja na uvute kichwa kwa mwingine. Safisha meno kwa mswaki mkavu, kisha paka nta au silikoni. Mafuta ya mashine usiyaguse. Hunasa vumbi na kuwa tope linalosaga.

Upepo uling'oa hema letu kwenye mchanga, na mahali pengine vigingi vilipinda kwenye ardhi ngumu. Kuna kigingi kinachofaa kote?

Hakuna, na ndiyo maana vile vijiti vya waya vinavyokuja na hema haviridhishi popote. Beba aina mbili. Kwa ardhi ngumu, vigingi vya chuma vya sentimita 30 hivi, vyenye unene wa milimita 8 au zaidi, na nyundo ya kweli. Kwa mchanga, vipana na virefu, au jaza mifuko mchanga, ifunge kamba na uizike; mzigo uliofukiwa hushika kuliko kigingi chochote. Kigingi kiingie kwa mshazari, kichwa kikiwa kimeegemea upande wa nje, na kamba ishuke taratibu kuelekea chini, kama nyuzi 45.

Fungeni kamba zote hata jioni ikiwa tulivu, na upande mwembamba wa hema uelekezeni upepo unakotoka. Msifunge kamba kwenye gari. Mtu anaweza kuamka, akaendesha bila kukumbuka, na ndani ya hema bado kuna waliolala.

Kwa nini nisinunue tu hema la juu ya gari?

Ni zuri kwa anayelala sehemu tofauti kila siku. Lakini kila mnapotaka kwenda kutembea na gari lazima mlikunje, mtoto akiamka usiku kuna ngazi, na paa la gari lina kikomo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kitabu chake, ambacho hesabu yake huanza na uzito wa hema lenyewe pamoja na vyuma vya kulibebea. La chini linabaki kituoni likiwalindia nafasi.

Natandika turubai chini ya sakafu lakini asubuhi tunakuta maji. Sakafu imetoboka?

Huenda haijatoboka. Nadhani tandiko lako limezidi sakafu na kingo zake zimejitokeza nje. Mvua inashuka ukutani, inadondokea kwenye kingo hizo, kisha inatiririka katikati ya tandiko na sakafu, nanyi mnalala juu ya dimbwi. Likunje liingie ndani ya sakafu kwa sentimita 5 hivi kila upande. Na unaponunua hema, sakafu iwe ya plastiki nzito, ipande ukutani angalau sentimita 10 kabla ya mshono wa kwanza.

Mara nyingi tunaondoka alfajiri hema likiwa limelowa. Sasa limeanza kunata na kunuka vibaya. Lifuliwe?

Kufua hakutalirudisha. Kunata na harufu ile ni dalili kwamba mpako wa poliuretani, ile plastiki ya kuzuia maji iliyo upande wa ndani wa kitambaa, umevunjwavunjwa na unyevu na joto. Sehemu ndogo unaweza kuisugua kwa upole na kupaka mpako mpya, lakini sakafu nzima ikifikia hapo, hema limemaliza kazi.

Kwa lile litakalofuata: kung'uteni paa la nje, lifuteni kwa kitambaa, mlitie kwenye mfuko wake tofauti na hema la ndani, bila kulikaza. Mkifika, lifunguliwe kabla ya chakula. Turubai la pamba lisikae limekunjwa na maji zaidi ya siku moja, na ndani ya gari lililoegeshwa juani muda huo ni mfupi zaidi. Nyumbani litundikwe mpaka likauke lote, lihifadhiwe likiwa limelegea kwenye mfuko wa kitambaa. Kitambaa kikikauka, mishono na pindo za sakafu huwa bado zina maji. Ziguse kwa mgongo wa mkono. Zikiwa na ubaridi, liache siku nyingine.